Gitaa Linalouma

Jina lake silitaji, ila watu wa Ujiji watamjua. Ndiye aliyepiga makofi.

Yeye alikuwa mpiga gitaa la solo wa bendi yetu, mimi la ridhimu. Tulijiita jazi kama bendi zote za wakati ule, kumbe tulipiga dansi tu. Tulipiga pekupeku, kwa amri yake, eti viatu vinaziba mapigo. Na kulikuwa na ada: mgeni akipigwa shoti na gitaa, wenzake wanampigia makofi, maana gitaa limemkubali. Amplifaya yetu ya kukuzia sauti, fundi redio aliikata waya wa ethi, ule unaopeleka shoti ardhini, ili isivume, na mpiga solo alijua. Siku yangu ya kupigwa shoti sakafu ilikuwa imelowa. Mkono ukaganda kwenye nyuzi, kupiga kelele siwezi, na yeye anapiga makofi anacheka. Wengine wakamfuata. Aliyechomoa waya ukutani ni mama muuza maandazi. Vidole vyangu viwili havijanyooka mpaka leo.

Sasa binti yangu ana miaka kumi na saba na anataka jazi yenyewe, ya chodi zinazogeuka kabla hujazizoea. Chuo cha muziki kimemwita kwenye usaili. Nikahangaika kumtafutia mwalimu. Mwalimu wa kwaya hapa Buzebazeba anajua chodi tatu. Nikapanda boti hadi Mwamgongo kwa mvuvi mmoja anayesifiwa, anapiga vizuri sana, lakini ukimuuliza kidole kinakwenda wapi anasema, "Wewe tazama tu." Kila niliyemuuliza baada ya hapo alinielekeza kwa mtu mmoja: yule yule mpiga solo. Na kweli anajua. Hilo siwezi kumnyima.

Tukaenda mchana. Miaka hii ziwa limepanda hadi nyuma ya nyumba yake, na sakafu ya chumba inatoa jasho.

"Shikamoo, mwalimu," binti akasema.

"Marahaba, mwanangu. Baba yako bado amenuna? Gitaa lilimpenda, yeye akakimbia."

Mzee akachukua gitaa. Akampigia chodi nne, na uso wa binti yangu ukabadilika kama mtu aliyeitwa kwa jina lake mahali pageni. Kisha akampa gitaa.

"Vua viatu."

"Mzee, amplifaya ina ethi?" nikauliza.

"Ina miaka thelathini. Imeua nani?"

Binti alikuwa ameshavua. Akagusa nyuzi, bega likaruka. Yule mzee akapiga makofi. Na mwanangu, badala ya kuogopa, akacheka kwa fahari.

Nikachomoa waya ukutani.

"Mfundishe kwa gitaa kavu, lisilo la umeme," nikamwambia.

"Gitaa kavu waachie walimu wa kwaya. Kwangu ni hivi, hutaki, mlango ule."

"Baba, imeniuma kidogo tu," binti akasema. "Usaili ni baada ya miezi mitatu. Nani mwingine anajua hivi?"

Nikamshika mkono tukatoka.

Tulipofika nyumbani akasema taratibu, bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa: "Usaili huu nauacha. Mwakani nina kumi na nane. Nitakwenda kwake mwenyewe. Mwalimu aliniambia mlangoni atanisubiri."

Nimemwomba fundi umeme aende kule akatazame, mzee amemfukuza. Kwa hiyo naandika mapema, binti yangu angali mzima. Likitokea, msiseme ni kazi ya Mungu. Ni ya yule.