Kocha Aliyetufundisha Kurusha kwa Juu

Harufu ya ngozi iliyonyeshewa ikaanikwa juani, kisha ikanyeshewa tena, haifanani na harufu nyingine. Ina uchachu kidogo, kama maziwa yaliyolala, na ndani yake kuna jasho la mtu usiyemjua. Niliikuta majuzi katika soko la mitumba la Bungoma. Nilikuwa napita tu kwenda Malaba, maana mimi ni mtu wa kupita. Tangu nimalize kidato cha nne sijakaa mji mmoja mpaka majirani wakajua jina langu la pili. Katikati ya rundo la mikoba ya wanawake palikuwa na glavu ya kudakia mpira, ya rangi ya kahawia, vidole vimejikunja. Niliiokota nikaipeleka puani kabla sijafikiri.

"Mathe, unanusa ama unanunua?" kijana wa mitumba akaniuliza, na wenzake wakacheka.

Sikununua. Lakini njia nzima nilikuwa na hasira, na ninyi mnaonisoma mtanivumilia niwaeleze ilitoka wapi, kwa sababu hasira hiyo imedumu nami kuliko ndoa.

Nililelewa kwenye shamba la mahindi nje ya Kitale, barabara ya kwenda Endebess. Shuleni kwetu wavulana walikuwa na kandanda na sisi wasichana tulikuwa na raundasi. Kwa asiyeujua, ni mchezo wa gongo jembamba na mpira wa tenisi ulionyonyoka manyoya: mmoja anarusha, mwingine anapiga na kukimbia kuzunguka vijiti kabla mpira haujarudi. Mrushaji hurusha kwa chini, mkono ukipita karibu na paja. Mimi nilikuwa mrushaji. Nilikuwa na mkono mrefu ambao mama aliulalamikia kila aliponishonea sweta, na mpira wangu ulitoka chini kimya kimya ukamfikia mpigaji kabla hajamaliza kufuta jasho. Wasichana wa shule jirani walipofika uwanjani, swali lao la kwanza lilikuwa, "Nasimiyu yuko?" Wakiambiwa yuko, waliguna.

Upande wa Bungoma palikuwa na shule ya bweni ya wasichana iliyocheza softiboli, ambayo tuliambiwa ni dada mkubwa wa raundasi: mpira mkubwa zaidi, gongo nene, na glavu mkononi. Shule hiyo ilichukua wasichana wachache kila mwaka kwa ajili ya mchezo, hata kama kwao hawakuwa na uwezo. Baba alikuwa amekwisha kusomesha kaka zangu, na kwake mambo yalikuwa wazi. Nikipata nafasi ya mchezo, nitaenda bweni. Nisipoipata, nitaingia shule ya kutwa iliyokuwa ndiyo kwanza inaanzishwa kando ya soko, madarasa ya mbao na mwalimu wa hesabu ambaye pia angefundisha kilimo, kwa kuwa alikuwa na ng'ombe. Mimi nilitaka bweni kama mtu anavyotaka maji. Nilitaka sanduku la bati lenye jina langu, nilitaka kengele, nilitaka kuondoka. Pengine miguu hii ilianza kuwasha wakati ule.

Ndipo wakaja wakufunzi wazoefu. Hivyo ndivyo tangazo lililobandikwa kwenye ukuta wa posho mill tuliposagia mahindi lilivyosema: wakufunzi wazoefu wa besiboli na softiboli, kituo cha kisasa, likizo ya Aprili. Kituo cha kisasa kilikuwa banda ambalo zamani lilipokea maziwa, nalo bado lilinuka maziwa. Mbele yake palikuwa na kiwanja cha nyasi kilichozungushiwa waya wa kuku. Wakufunzi walikuwa wawili. Kocha Dikson alivaa kofia kisogo mbele na kutafuna chingamu kama ng'ombe anayecheua, na Kiingereza chake kilipitia puani kwanza. Kocha Rozi alikuwa na filimbi na miwani ya jua ambayo hakuivua hata mvua ikinyesha. Alisema ameona softiboli nchi nyingi. Siku hizi najiuliza aliionaje kupitia miwani ile.

Kila msichana aliambiwa aje na gorogoro za unga na maharagwe, ile mikebe ya kupimia ya sokoni, tupikiwe hapo hapo. Mama alinipimia unga akiwa amenuna, maana Aprili ni wakati wa kupanda. Mahindi ya mwaka jana yamebaki chini kabisa ya stoo na mapya bado ni mbegu. Lakini alipima, akaukandamiza, akaongeza kiganja juu.

Sasa niwaambie tulichofundishwa. Tulifundishwa kuvaa kofia. Tulifundishwa kupiga kelele kwa pamoja, kutema mate pembeni, na kupeana ishara za vidole ambazo maana yake ilibadilika kila siku kwa sababu Kocha Dikson mwenyewe alikuwa anaisahau. Tulipiga hewa kwa gongo asubuhi nzima kwa sababu mipira, ati, ilikuwa imefungiwa isichafuke. Mtu akimwomba Kocha Dikson atuonyeshe, alishika bega. "Niko na jeraha, mnajua. Mambo ya kucheza sana." Wiki iliyofuata jeraha lilikuwa limehamia goti. Baadaye likapanda kiunoni. Sijaona jeraha lililotembea namna ile, na mimi nimetembea.

Siku mipira ilipotolewa, pamoja na glavu kuukuu zenye harufu ile ile ya ngozi iliyonyeshewa, nilirusha kama nilivyojua, kwa chini. Kocha Dikson alipuliza filimbi aliyomnyang'anya mwenzake.

"Wewe wa mikono mirefu! Unarusha mpira ama unalisha kuku?"

Wote walicheka, Nafula rafiki yangu akiwemo.

"Hiyo ni ya watoto," akasema. "Softiboli ni kwa juu. Unainua goti, unavuta mkono nyuma ya sikio, halafu unaachilia. Kwani hujawahi kuona kwa TV?"

Kwetu hapakuwa na TV. Niliinua goti. Nilivuta mkono nyuma ya sikio. Mpira ulipaa juu ya waya wa kuku ukaangukia shamba la jirani, na Kocha Rozi akasema, "Angalau sasa unafanana na mchezaji." Nilifanya mazoezi ya goti lile nyumbani, nyuma ya jiko, mpaka bega likavimba na mama akalikanda kwa maji ya moto. Mwisho wa likizo nilikuwa narusha kwa juu moja kwa moja, kwa nguvu, na kila nilipojaribu kwa chini nilisikia wale kuku.

Siku ya mwisho mwalimu wa michezo wa shule ya Bungoma alitarajiwa kuja kuchagua. Usiku kucha ilinyesha, na asubuhi mistari ya chokaa ilikuwa imeyeyuka yote. Kocha Dikson alisimama akaitazama nyasi tupu. Kisha akaingia stoo ya jikoni, akatoka na gunia, na kwa mikono yake akaanza kuchora uwanja upya. Ulikuwa unga. Unga wetu.

Mama zetu walifika wakati huo, wamevaa leso zao za kanisani, kuja kutazama binti zao wakichaguliwa. Walisimama kwenye lango. Mtu wa mbali asingeelewa kimya kile. Kwetu mtu huokota punje ya mahindi njiani akaitia mfukoni, na huyu mwanamume alikuwa anamwaga unga chini, Aprili, akipiga mluzi.

"Wewe kijana," Mama Nafula akasema. Alikuwa mwanamke mkubwa, na sauti yake ilimfaa. "Hicho unamwaga ni nini?"

"Ni unga tu, mama. Tunatengeneza laini."

"Unga tu? Ati unga tu? Wewe ulilima wapi mwaka jana?"

"Mama, hizi ni mambo za kitaalamu."

"Mtaalamu wa kumwaga! Na hawa watoto umekuwa ukiwapa uji kama maji ya kuosha sufuria!"

Hakungoja jibu. Alipiga magoti kwenye nyasi iliyolowa, akatandika leso yake, akaanza kuuchota ule mstari kwa viganja, juu juu, pale ambapo unga haujagusa matope. Mama mwingine akapiga magoti, kisha wengine, akiwemo mama yangu. Wakasonga mbele hivyo, matako juu, wakiukunja uwanja mzima na kuutia katika leso, huku Kocha Rozi akipuliza filimbi na hakuna aliyegeuka. Hivyo ndivyo mwalimu wa michezo alivyotukuta aliposhuka kwenye bodaboda.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba. Alitazama, labda alielewa. Akasema tu, "Laini sizihitaji. Nataka kuona mikono. Nani anarusha hapa?"

Wasichana wote walininyooshea kidole mimi. Nilisimama mahali pangu. Niliinua goti. Nilivuta mkono nyuma ya sikio. Nikaachilia, na mpira ukaenda ukapiga glavu ya Nafula kwa mlio ambao mpaka leo ni mzuri masikioni mwangu. Nikageuka nikitabasamu.

Mwalimu hakutabasamu.

"Tena," akasema. Nikarudia, kwa nguvu zaidi.

"Mkono unao," akasema, "lakini hiyo ni besiboli. Softiboli inarushwa kwa chini, kama raundasi. Hilo linajulikana hata na mtoto wa darasa la nne. Nani amewafundisha kurusha hivi?"

Nilimtazama Kocha Dikson. Nilimtazama vile mtoto anavyomtazama mtu mzima akingoja aseme. Naye, bila kuacha kutafuna, alicheka kidogo, akamsogelea mwalimu kama watu wawili waliosoma wanaoelewana.

"Madam, si unajua watoto wa shamba. Kila siku tunawaambia kwa chini, kwa chini. Huyu hasa ni mgumu kusikia. Ni kichwa ngumu, bana."

"Ni kweli?" mwalimu akaniuliza.

Mama alikuwa pale, leso yake imefungwa fundo. Mama Nafula alikuwa pale. Kocha alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi niliinamisha kichwa, nikanyamaza, maana nilikuwa nimefundishwa kwamba mtoto hamwambii mtu mzima kuwa ni mwongo, zaidi sana mbele ya wageni.

"Basi," mwalimu akasema, na sauti yake haikuwa kali, ndiyo maana iliniuma. "Mkono ninaweza kuufundisha. Mtoto asiyesikia mwalimu siwezi kumchukua." Akamchukua msichana mwingine aliyekimbia vizuri.

Nilisoma shule ya kutwa ya kando ya soko. Ng'ombe wa mwalimu wa hesabu alikuja darasani mara nyingi kuliko vitabu. Na kwa miaka mingi, niwaambie ukweli, niliamini kwamba labda Kocha alisema kwa chini na mimi sikusikia. Nilijishuku hivyo hata nilipokuwa mtu mzima, nikiuza nguo Eldoret, nikipika kwenye kambi ya barabara Lodwar, nikihama kila nilipoona watu wanaanza kuninyooshea kidole.

Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa kabisa. Mwanzoni nilidhani kwamba yule mtu alikuwa mjinga aliyeponea kwa bahati. Hapana. Ujinga wa mpira alikuwa nao tele, huo haukuhitaji tangazo. Lakini uzoefu alikuwa nao pia, na haukuwa wa besiboli wala softiboli. Alikuwa mzoefu wa sisi. Kwenye unga alikosea, kwa sababu unga kila mama pale aliujua. Mpira hakuna aliyeujua, na mtoto pekee ambaye angeweza kumuumbua alikuwa amelelewa asifungue mdomo. Hakuwa akiangalia viatu vyake kwa aibu. Alikuwa anangoja adabu yangu ifanye kazi, kama mtu anayengoja chai ichemke.

Nayo ilifanya kazi vizuri sana. Tulipokuwa tukirudi nyumbani siku ile, mimi nikitembea mbele ili wasione uso wangu, nilimsikia Mama Nafula nyuma yangu akimwambia mama, kwa sauti ya kusifu kabisa, "Lakini huyu wako umemlea. Umeona? Hata neno moja hakumjibu."

Na mama akasema asante.