Shikamoo ya Pili

Nairesiae Tipis hakuwa mtu wa kujishusha, na ndiyo maana nilimpenda. Ukimuuliza kazi yake anakujibu bila kupepesa macho: "Mimi ndiye ninayeamua barua ya nani iingie kwanza." Mwaka 2003 hapa Kilosa mjini sikumjua mwingine wa kusema maneno hayo, mwanamume wala mwanamke, na yeye alilijua hilo vizuri kabisa.

Mimi ni Raheli. Nilikaa mapokezi kwenye shirika letu dogo la wafugaji na wakulima, meza yangu ikitazamana na yake. Kwetu ni Zombo, watu wa jembe, na nimekua nikisikia kwamba mfugaji na kitabu ni mbali na mbali. Leo mtu akiniletea maneno hayo namkata kauli palepale. Nilimwona kwa macho yangu binti wa mfugaji, shanga mkononi, akiiamuru mashine iliyoko Morogoro huku amekaa Kilosa anakunywa chai.

Mashine hiyo ndiyo seva iliyopokea barua pepe zetu zote. Sisi tulikuwa na laini moja ya simu, nayo ilikuwa mbovu. Mtu akituma picha ya warsha, basi asubuhi nzima picha inashuka kama asali ya baridi, na barua za maana zinasubiri nyuma yake. Nairesiae alisema dawa ni kuzichambua barua hukohuko Morogoro, kabla hazijaingia kwenye waya. Kila mtumishi alikuwa na kanuni zake ndani ya seva: hii ipite, hii iwekwe kando mpaka Jumamosi. Kanuni zilifanya kazi hata kompyuta zetu zikiwa zimezimwa, hata umeme ukikatika.

Na hakuzipanga kwa kubofyabofya picha. Ukurasa wenye picha usingefunguka kwa laini ile hata ungeuombea. Alifungua kioo cheusi kitupu, akaandika amri kwa herufi, mstari mmoja mmoja, na herufi ni nyepesi, zinapita popote. Akitaka kanuni moja imfae kila mtu, aliandika mara moja tu, akagonga kitufe, na sote tukawa tumepangiwa, kuanzia mkurugenzi mpaka mimi. Wageni wakija nilikuwa nawaonyesha Nairesiae kama namwonyesha ndugu yangu. Wakitikisa kichwa, mimi ndiye niliyekuwa navimba.

Kilichotusumbua zaidi kilikuwa salamu. Watu wetu wa Mikumi, wa kijiji chetu cha Ulaya na kwingineko walikuwa wamefunguliwa anwani, na kila asubuhi waliandika kama wanapita mlangoni: shikamoo mzee, habari za nyumbani, mama hajambo, mvua vipi huko. Hakuna neno baada ya hapo. Mkurugenzi wetu, Mzee Kasian, alilalamika kwamba anaamkiwa mpaka anachoka. Nairesiae akaandika kanuni: barua yoyote ambayo kichwa chake kinaanza na shikamoo, salamu au habari iende kwenye folda ya kando. Siku ya kwanza laini ilikuwa nyepesi mpaka tukampigia makofi. Naye aliyapokea kama haki yake.

Sasa sikilizeni jambo la Saning'o. Alikuwa bwana mifugo wetu wa Mikumi, kijana mwenye adabu mpaka inachosha. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imeshaingia kwenye mbuga ya malisho, na maboma mawili yalikuwa yanazika ng'ombe. Miaka ile ya soko huria dawa za mifugo zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara, kwa hiyo chanjo tuliagiza kwa mwenye duka mmoja Dar. Aliahidi kuituma kwa basi siku ya Ijumaa, ndani ya sanduku la barafu. Chanjo ile haitaki joto. Barafu ikiyeyuka, umebaki na vichupa vya maji, na nyingine ingechukua wiki kadhaa kupatikana. Wiki kadhaa, na homa iko mlangoni. Boma lililokuwa likifuata kwenye njia ya homa lilikuwa la Mzee Tipis, baba yake Nairesiae.

Jumatano ile, baada ya chakula cha mchana, Nairesiae alifanya kama alivyozoea. Hakufungua barua za watu. Aliiuliza seva tu imeweka nini kando, nani kamwandikia nani. Orodha ikapanda kwenye kioo cheusi. Nilikuwa nachambua mchicha wangu wa jioni, sina habari, akageuza kiti kunitazama.

"Raheli," akasema, "Saning'o amemwamkia Mzee Kasian mara mbili leo asubuhi."

"Si kawaida yake? Yule angeamkia hata mlango."

"Mara mbili, dada. Mzee yuleyule, asubuhi moja. Wewe umewahi?"

Nikaacha mchicha. Kweli, nani anarudia shikamoo? Mzee ukishamwamkia, imekwisha mpaka kesho. Ukirudi mbele yake na shikamoo nyingine, basi una neno zito mdomoni na unatafuta pa kulipitishia. Nairesiae alikuwa ameshainuka kwenda kwa Mzee Kasian kuomba ruhusa ya kuifungua ile ya pili. Akarudi naye, akaandika amri, barua ikatokea.

"Shikamoo mzee," iliandika tena, ikauliza nyumba, ikauliza watoto, ikashukuru Mungu. Mwisho kabisa: mwenye duka amebadilisha siku, sanduku limepanda basi la leo asubuhi, limeandikwa jina langu, naomba lipokelewe Kilosa mapema kwa sababu ya barafu, mimi naelekea mbugani kuwaambia wafugaji wakusanye ng'ombe kesho. Na mbugani simu haikushika. Kijana alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Habari nzito haitangulii salamu, ndivyo alivyofundishwa, ndivyo sote tulivyofundishwa.

Nairesiae alisimama. "Mzee Kasian, kanuni niliiandika mimi. Nipe gari."

Lukasi, dereva wetu, hakuulizwa mara mbili. Tulikwenda stendi kwa kasi ambayo sitaki mama yangu aisikie. Basi lilikuwa limeshafika zamani. Kwenye kibanda cha wakala tulilikuta sanduku pembeni, juani, linamsubiri Saning'o. Chini yake sakafu imelowa. Nasema kweli, nilimwogopea Nairesiae kuliko ng'ombe. Akilini nilishamwona baba yake akizika mifugo huku watu wakisema, ndiyo hayo, mmesomesha binti.

Alipiga magoti, akafungua kifuniko, akatia mkono mpaka kiwiko. Akakaa hivyo. Kisha akautoa na kipande cha barafu kidogo kama kete ya bao.

"Ipo," akasema.

Hapohapo akalifunga tena, na sanduku zima tukalipeleka kwenye friji ya mafuta ya taa pale ofisini. Hapo ndipo alipokaa chini na kulia, kidogo tu, akafuta uso kwa kitenge changu bila kuomba.

Mzee Kasian alikuja na suluhisho lake: atatoa waraka, kuanzia sasa marufuku kuandika shikamoo kwenye kichwa cha barua, mtu aandike jambo lenyewe.

"Hapana, mzee," Nairesiae akamjibu. "Heshima si utumwa. Saning'o hana kosa. Watu hawaachi adabu yao kwa sababu ya simu mbovu, kanuni ndiyo itabadilika." Akarudi kwenye kioo chake cheusi. Kabla jua halijazama, barua ya mtu yeyote aliyeko kazini vijijini ilikuwa inapita mbele ya zote, iwe na habari, iwe shikamoo tupu. Zetu sisi wa ofisini ndizo zilizosubiri. Mzee Kasian aliguna, kisha akasema, "Sawa, binti," na nikaona ameridhika.

Kesho yake nilikwenda nao mbugani, sikukubali kuachwa. Vumbi, kelele, ng'ombe wakipita mmoja mmoja kwenye kichochoro cha miti. Saning'o anachanja, Nairesiae anampa vichupa kutoka kwenye barafu, mimi, binti wa wakulima wa Zombo, naandika jina la mwenye ng'ombe kila mnyama anapotobolewa sikio kuonyesha amechanjwa. Saning'o alikuwa ameshawasimulia wazee mambo ya barua ile, yote, na kosa pia, maana Nairesiae alimwambia asifiche kitu.

Boma la Tipis lilikuja mwisho. Mzee mwenyewe alisimama karibu yangu, mrefu, mkimya, akitaja kwa kila mnyama jina la mwanawe wa kiume anayemrithi. Mara akapita mtamba mwekundu, mzuri, shingo safi.

"Huyu wa nani, mzee?" nikamuuliza.

Wazee wenzake walikuwa wanasikiliza. Sikuwa nimewahi kusikia kule mbugani ng'ombe akitajwa kwa jina la msichana ambaye hajaolewa, na nyuso zao zilionyesha kwamba hata wao hawakuwahi.

"Wa Nairesiae," akasema. Alipoona kalamu yangu imesimama, akapandisha sauti ili kila mtu asikie. "Andika."