Mwito wa Jioni wa Bibari

Bibari hakuwahi kuishi kwenye nyumba isiyo na nguruwe. Alizaliwa penye banda la nguruwe nyuma ya jiko, akaolewa penye banda jingine, na mumewe alipofariki, nguruwe ndio waliomsomesha binti yake hadi akawa muuguzi. Kila jioni, kama wanawake wote wa kabila la Wabodo katika vijiji vile vya chini ya milima ya Bhutan, alisimama uani na ndoo ya pumba akaita, "Oss! Oss! Oss-oss!" Nao wakaja mbio, matope hadi masikioni.

Basi watu wa mbuga ya hifadhi jirani na kijiji walipotafuta mtu wa kuwalisha nguruwe vibete, jina lake halikuchelewa kutajwa. Hawa ni nguruwe wa porini wasiofika hata gotini kwa mtu, waliotoweka kabisa katika mbuga ile. Wachache walizalishwa kituoni mjini, wakaletwa kukaa kwanza ndani ya uzio wenye majani marefu, wajizoeshe pori kabla ya kufunguliwa. Bibari alipewa sharti moja: weka chakula, ondoka, usiseme nao.

Hakusema nao. Aliwaita tu. Kumwaga chakula bila kuita, kwake, kulikuwa kama kumwekea mgeni sahani bila kumkaribisha. Jike mmoja mwenye sikio lililochanika, mlafi na mkaidi, alimwita Alaisri, jina la wifi yake.

Jioni moja Daktari Nilim, msimamizi wa kituo, alikuwa amesimama naye kando ya uzio. Ng'ambo ya mfereji, mwanamke wa kijiji cha pili akaanza kuita nguruwe wake. Majani yakatikisika. Vibete wote wakaja mbio kwenye wavu, pua juu, upande wa kijiji.

"Dada Bibari," daktari alisema polepole, "nani kawafundisha hawa?"

Bibari alitazama ndoo yake. "Mdomo wangu, Daktari. Sikujua kama kuita nako ni kusema nao."

"Tukiwafungua hivi watakwenda moja kwa moja kwenye masufuria ya watu. Na lazima wafunguliwe kabla ya mvua; zikianza hawajasahau, watarudishwa mjini. Watafia huko ndani ya wavu."

Bibari hakulala vizuri. Asubuhi akamwambia daktari, "Hawatasahau. Acha mimi mwenyewe niwatie hofu ya mwito huo."

Tangu hapo chakula kiliwekwa na mtu mwingine, kimyakimya. Bibari alikuja baadaye, mikono mitupu, akaita kwa sauti ileile tamu. Walipokaribia, akagonga vifuniko vya sufuria na kuwamwagia maji.

"Wifi, umeajiriwa kutisha nguruwe sasa?" Alaisri alimcheka. "Mbona macho mekundu?"

"Moshi wa jiko."

"Jiko gani, na hujapika tangu jana?"

Mmoja mmoja wakaacha kuja. Alaisri wa sikio lililochanika alikuwa wa mwisho. Alilowa, akakimbia, na kesho yake akaja tena, akimtazama kana kwamba Bibari ndiye aliyekosea jana, mara moja tu. Siku hiyo Bibari aligonga vifuniko huku analia waziwazi.

Mawingu yalipoanza kujikusanya juu ya milima, daktari alileta jaribio la mwisho. "Ita, dada. Akija hata mmoja, hatufungui."

Bibari alikaza vazi lake kifuani. Hakujizuia, aliita kwa moyo wote, kama anavyoita nyumbani. Majani yakatulia. Kisha pua moja ikachomoza, na nyuma yake sikio lililochanika. Daktari akafumba macho. Bibari hakugonga kitu, mikono ilimning'inia tu.

Yule jike alimtazama kidogo. Akakoroma, akageuka, akazama majanini, na majani yakaenda yakitikisika mbali naye.

Alfajiri lango lilifunguliwa.

Jioni ile Bibari alisimama uani na ndoo ya pumba, asiweze kuita. "Wifi," alisema, "leo waite wewe."

Alaisri aliita, nguruwe wakajaa uani. "Na yule mwenye jina langu?"

"Kanitazama juu mpaka chini, akanipa mgongo."

"Basi huyo ni mimi kweli," Alaisri akasema, akamnyang'anya ndoo.