Nilizima Kengele Nikidhani Pampu Imesikia

Wanaonijua wananijua kwa sauti. Mimi ni Mama Faida, ninauza ndakala, dagaa wakavu wa ziwa letu, katika soko la Baraka, na kwenye kwaya yetu ya kanisa wananisimamisha nyuma ili nisiwafunike wengine. Leo nitawaeleza jinsi sauti hiyo ilivyokaribia kunyamaza kabisa, na jinsi kosa lilivyokuwa langu.

Kisukari kilinipata nikiwa na miaka kumi na tisa, tukikaa Nundu. Nilikunywa maji mpaka ndugu zangu wakaanza kuficha ndoo, nikakojoa mchana na usiku, nikakonda mpaka kitenge kikanizunguka mara tatu. Siku nilipoanza kutapika na kuhema kama mtu aliyekimbia, mama yangu alinipakia kwenye pikipiki, yeye nyuma akinikumbatia kiunoni, mpaka hospitali. Daktari akasema mwili wangu hautengenezi tena insulini, na bila sindano nitakufa. Tangu hapo nikawa najidunga kila siku, tumboni na mapajani. Friji hatuna, kwa hiyo dawa inakaa ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa. Nimeolewa hivyo, nimezaa hivyo.

Kitu kimoja tu kiliniuma. Kwaya yetu hufunga kila Ijumaa: hakuna kula wala kunywa mpaka maombi ya mchana yaishe. Mimi nilikaa kati yao nikitafuna ndizi, maana insulini bila chakula hushusha sukari mpaka mtu azimie, na wapo waliosema imani yangu inaishia tumboni. Nilicheka nao. Nikifika nyumbani nililia.

Basi mdogo wangu Riziki, anayetunza wazee huko ng'ambo, akanitumia vifaa viwili. Cha kwanza ni kipimo cha kubandika kwenye mkono, chenye kauzi kembamba kanakoingia chini ya ngozi. Kila baada ya dakika chache kinatuma kiwango cha sukari kwenye simu. Cha pili ni pampu ndogo ya kuvaa kiunoni, inayoingiza insulini kidogo kidogo kwa mrija. Riziki alimwona mzee mmoja aliyevaa vifaa vya namna hiyo: sukari ikianza kushuka, kipimo kinaiambia pampu, na pampu inasimama yenyewe. Naye akatafuta kimoja kwa mtu huyu, kingine kwa mtu yule, akavifunga pamoja, akanitumia kwa upendo wote.

Nilivipeleka kwa daktari wangu hapa Baraka. Akavigeuza na kuvigeuza tena.

"Mama, ngoja kwanza," akasema. "Hii iko ya kampuni moja, na hii iko ya ingine. Sijue kama zinapatana. Unipe siku kidogo niulize benzangu."

Mume wangu, Wilondja, hakupenda neno hilo. Yeye ni fundi wa mota za maboti kule ziwani, na fundi wa kwetu hangojei kipuri kutoka kiwandani. Anachonga, anafunga waya, na mota inawaka.

"Docteur anaogopa tu mashine," akaniambia. "Miye natoa kipande mu mota ya huyu, naingiza mu mota ya ule, na boti linafika. Haka kadogo ndiko katanishinda?"

Alishinda na simu, Riziki akimwelekeza kwa video. Dozi waliikadiria wenyewe kutokana na sindano zangu. Wakati huo nilikuwa nachambua ndakala, nikiwasikia wanavyosifiana. Mwishowe akanivalisha vyote viwili, akanionyesha kioo cha simu: sukari yangu hapa, alama ya pampu pale. "Ona, zote mbili ziko mu telefone moja. Ziko zinasikilizana." Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Ijumaa ilikuwa inakuja.

Ijumaa hiyo sikutia kitu mdomoni. Nilifunga pamoja na wenzangu kwa mara ya kwanza, nikiwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Saa nne hivi simu ikalia. Nikaangalia: sukari inashuka. Zamani ningekimbilia ndizi. Siku hiyo niliizima kengele nikamnong'oneza mama wa pembeni yangu, "Pompe imeshasikia, itajizima yenyewe." Nikaendelea kuimba. Ikalia tena, nikaizima tena.

Mikono ikaanza kutetemeka. Jasho likanitiririka mgongoni mpaka kitenge kikalowa, ulimi ukawa mzito. Wananiambia niliimba maneno ya wimbo mwingine, nikamtukana kiongozi wa kwaya, kisha nikaanguka na kujikojolea mbele ya watu wote. Wakasema ni pepo. Wakanizunguka, wakaniwekea mikono, wakaomba kwa nguvu. Na pampu kiunoni iliendelea kuniingizia dawa.

Aliyeniokoa ni Mama Domitila, mkimbizi wa kutoka Burundi, anayekuja kuimba nasi kutoka kambi ya Lusenda. Alisukuma watu.

"Mumuache kwanza! Hapana pepo hii, sukari imemushukia! Bwana wangu alikuwaka hivi hivi!"

Akapandisha nguo yangu, akauona mrija, akauchomoa. Akanilaza kwa ubavu, akaomba asali, akanipaka ndani ya shavu kwa kidole. Gari la mfanyabiashara mmoja likanikimbiza hospitali, nikatundikiwa maji ya sukari.

Nilipofumbua macho, Wilondja alikuwa amekaa sakafuni. Daktari hakumgombeza, alimweleza tu.

"Papa, hii ya ku mukono inasema na telefone. Pompe nayo inasema na telefone. Lakini zenyewe kwa zenyewe hazisemi. Ni sawa bantu babili mu salon moja, kila mumoja na luga yake."

Wilondja akajifunika uso. "Ni miye nilikuwa niko nakuua," akasema. Nilimkasirikia, sitaficha. Nilijikasirikia zaidi, kwa sababu kengele ilinililia mimi, na mkono ulioizima ni wangu.

Leo nimerudi kwenye sindano. Kipimo cha mkononi nakitumia kinapopatikana, kwa kusoma tu, na kikilia nakula hapohapo, hata kama mchungaji yuko katikati ya neno. Pampu iko kabatini mpaka daktari mwenyewe aseme imepata mwenzake. Ninamshukuru Mungu, na ninamshukuru Mama Domitila, ambaye sasa namwita dada.

Ninyi mnaotumiwa vifaa na ndugu wa mbali, msiulize tu kama kinawaka. Ulizeni kinasikilizana na kipi, na mngoje jibu. Anayekwambia ngoja si mwoga.

Na ninyi wa kwaya: mkinikuta nimeanguka, msinimiminie kinywaji mdomoni, nitapaliwa. Mnilaze kwa ubavu, mnipake asali ndani ya shavu, mnipeleke hospitali. Maombi tutayafanya pamoja, nikiamka.