Qasil yangu kizuizini

Warya, leo nusura niitwe shifta, jambazi wa porini, kwa sababu ya majani ya kuoshea nywele!

Mwalimu wa kemia alinituma nichemshe qasil nyumbani, tuipime shuleni kama ina flavonoidi, zile kemikali za mimea zinazogeuka manjano kwenye magadi na kufifia kwenye ndimu. Nikafika kizuizi cha darajani na chupa yangu, magadi na ndimu za kupimia.

Askari akanusa chupa. "Hii ni sumu ya kutia visimani?"

"Afande, ni qasil. Mama zetu huoshea nywele."

"Basi kunywa."

Ninywe vipi mchana wa Ramadhani? Nimefunga, walahi!

Kusikia nakataa, akaishika bunduki vizuri.

Basi mimi, ninayefukuzwa darasani kila wiki, nikaamua kumwonyesha kipimo chenyewe: nikamimina kidogo katika kikombe chake kitupu. Nikatia magadi, maji yakawa manjano kabisa. Nikakamulia ndimu, povu likapanda, rangi ikapotea. Flavonoidi hizo!

Akaruka nyuma. Halafu akacheka, akaita wenzake.

"Rudia, kijana!"

Nikarudia mpaka chupa ikaisha. Wakanifungulia njia.

Shuleni mwalimu akauliza, "Qasil iko wapi?"

"Serikali imeipima yote, maalim. Flavonoidi zimo."

Nyinyi mnaopata alama nzuri, nani angepita pale? Semeni, nicheke.