Kijiko cha Bi Shufaa

Mzee Vuai alikuwa fundi wa makochi, na makochi ndiyo yaliyomtoa Unguja na kumleta hapa Bellevue, huku kusini mwa Afrika, miaka ishirini na mitatu iliyopita. Lakini watu wa mbali hawakumfuata kwa makochi. Walimfuata kwa sababu alijua kunyamazisha chuma. Mimi nimepanga chumba cha mbele katika nyumba hiyohiyo, na ulimi wangu haukai ndani, kwa hiyo nilimcheka kwa hilo miaka tisa mfululizo.

"Mzee Vuai," nilimwambia, "ungenyamazisha na watu ungeshakuwa tajiri."

"Ningeanza na wewe, Bi Tumu," alinijibu, bila hata kuinua uso.

Wateja wake hao walikuwa wawindaji wa upinde. Wanapanda juu ya mti huko Limpopo, wanakaa wametulia nusu siku kumvizia tandala. Hupanda kwa vingazi vya chuma vyenye urefu wa mkono wa mtu, vinavyofungwa kwenye shina kwa mikanda, kimoja juu ya kingine. Sasa vingazi hivyo vikigongana kidogo tu, tandala ameshavuka kilima. Ndiyo maana Steve, Mkongo wa Bukavu anayelinda duka moja la vifaa vya uwindaji, alimletea Vuai furushi la vingazi karibu kila mwezi, ametumwa na bosi wake.

Vuai alivilaza mezani katika gereji ya uani aliyoifanya karakana, akavigonga kwa konzi huku amekiinamisha kichwa. Akishajua sauti inatoka wapi, anashindilia sponji ndani ya vyuma vilivyo wazi, anavivisha mpira wa ndani wa baiskeli, anatoa vifungo vya chuma vya mikanda na kuweka kamba. Na kila chuma kinapokutana na chuma, anabandika kipande cha blanketi zito kwa gundi. Kisha anagonga tena. Kutwa nzima ua wetu ulikuwa ng'o, ng'o, ng'o. Mpangaji mgeni akiuliza, tulimwambia ni babu na vyuma vyake, utazoea.

"Chuma kimoja hakipigi kelele," alipenda kusema. "Kelele ni ya wawili." Nilimwambia hata ndoa ni hivyo hivyo, akacheka.

Lakini ndoa yake haikuwa hivyo. Mkewe, Bi Shufaa, alipigwa na kiharusi mwaka juzi, kikamchukua upande mmoja na sauti yote. Mwanamke aliyekuwa akinishinda hata mimi kwa maneno! Alibaki na mkono wa kushoto, na Vuai akampa kijiko cha chuma cha kugongea kitanda, nacho cha chuma. Pigo moja, maji. Mapigo mawili, nigeuze. Mapigo matatu yalikuwa njoo tu. Hana haja ya kitu, anataka mumewe akae naye. Vuai alikuwa anasikia kutoka gereji, ng'ambo ya ua, mlango umefungwa na mashine ya kushonea inanguruma. Anaweka sindano chini na kwenda. Yakiwa matatu, anakaa ukingoni mwa kitanda mpaka chai yake inapoa mezani, na mimi nilikuwa napita dirishani nikiimba nyimbo za harusi kuwachokoza. Bi Shufaa alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Mwezi wa saba baridi ilituumiza. Nyumba hizi ni za zamani, na bomba la maji la chuma hupita ukutani kwenye chumba chao, likatoka uani na kuingia gereji. Sisi ni vyumba saba, bafu moja. Kila aliyefungua maji bomba lilitetemeka, na kitanda, ambacho kichwa chake kilikuwa kimeliegemea, kikatetemeka pamoja nalo. Bi Shufaa alikuwa halali. Siku moja nilimkuta analia bila sauti, machozi yanaingia sikioni.

Jumapili Vuai alifanya anachokijua. Alikisogeza kitanda upana wa kidole, akabandika blanketi mikunjo miwili na ukanda wa mpira kati ya kitanda na bomba. Aliniita nione. Akafungua maji yote bafuni, akarudi mbio, akaweka sikio kitandani.

"Sikiliza mwenyewe," aliniambia, amejaa furaha. "Kimya!"

Nilimpigia makofi. Nasema kweli, nilimpigia makofi. Siku ile Bi Shufaa alilala kutoka adhuhuri hadi magharibi.

Hatukufikiri, si yeye fundi wala mimi mjuaji, kwamba miaka yote ile Vuai hakuwa anasikia kitanda. Alikuwa anasikia bomba. Kijiko kilipiga kitanda, kitanda kikampa bomba, bomba likapeleka habari hadi gereji. Na sisi tulikuwa tumeikata njia.

Jumatano, kama saa tano asubuhi, nilikuwa jikoni nakaanga sambusa ninazowauzia wanafunzi wa chuo kule Braamfontein. Jiko linapakana na chumba cha Bi Shufaa. Nikasikia, kwa mbali kupitia dirishani, ng'o, ng'o, ng'o. Kikapita kimya. Tena, ng'o, ng'o, ng'o, dhaifu zaidi. Mafuta yalikuwa yamepata moto na sambusa ya kwanza iko mkononi. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Babu na vyuma vyake!" Nikaitia sambusa kwenye mafuta.

Vuai alimalizia vingazi vinane vya Steve. Aliniambia baadaye kwamba asubuhi ile alifanya kazi kwa raha, akijua mkewe amepata usingizi. Alipoingia saa sita na nusu kumpa uji, Bi Shufaa alikuwa ameshakwenda. Daktari alisema ni kiharusi cha pili. Kijiko kilikuwa bado mkononi.

Tulimzika kesho yake. Jioni ile Vuai alisimama katikati ya ua mbele ya wapangaji wote, akauliza kwa upole, "Kuna aliyemsikia?" Wote wakasema hapana. Na mimi, mwenye ulimi mrefu kuliko mtaa, niliangalia kandambili zangu.

Steve alikuja kutoa pole, akachukua na furushi lake. Kwa mazoea akagonganisha vingazi viwili. Havikutoa neno. "Papa Vuai, hii ni bien kabisa! Haisikike hata kidogo," alisema, kisha akaona uso wa mzee, akavishusha vile vingazi taratibu.

Baada ya hitma ya siku ya tatu, wageni walipotawanyika, Vuai aliniita.

"Bi Tumu, nataka kujua kitu. Mie nakwenda kukaa gereji, mlango nifunge. Wewe ingia chumbani, ugonge mara tatu."

Niliingia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, blanketi la fundi bado liko pale nyuma. Nikagonga kwa kijiko kile kile.

"Umeshagonga?" aliita kutoka ng'ambo.

Ningeweza kusema bado. Mungu anajua nilitaka kusema bado. "Nimeshagonga!" nikaita.

"Toa kitambaa," akasema. "Kirudishe kitanda kwenye bomba. Kisha ugonge tena."

Nilikibandua kwa kucha. Alikuwa amekibandika vizuri, mjinga yule, hakuwahi kufanya kazi mbovu. Nikasukuma kitanda mpaka chuma kikashika chuma. Nikagonga, moja, mbili, tatu.

Nikasikia stuli inaanguka gereji. Mlango ukabamizwa, hatua zikavuka ua mbio, na Vuai akatokea mlangoni anahema, mikono mbele, kama alivyokuja kila siku kwa miaka miwili. Akaniona mimi nimeshika kijiko. Mikono ikashuka.

Sikuweza tena. "Mzee Vuai, siku ile mimi nilisikia. Nilikuwa jikoni. Nilidhani ni wewe na vyuma vyako. Nisamehe, kaka yangu, nilidhani ni wewe!"

Nilitamani anitukane.

"Ulisikia ngapi?"

"Tatu," nilisema. "Akapumzika. Halafu tatu tena."

"Si moja?"

"Si moja. Tatu."

"Basi hakutaka maji," alisema Vuai.

Alipita mbele yangu, akakaa ukingoni mwa kitanda, mahali pake palepale, uso ameuelekeza kwenye mto. Nilimwachia kijiko pembeni yake nikatoka. Chai niliyomwekea gereji ilipoa, na mpaka magharibi alikuwa bado amekaa naye.