Mti wa Karani

Harufu ya kamba mpya ya katani hunisimamisha popote. Juzi ilinisimamisha mlangoni mwa duka la vifaa vya ujenzi pale Karatu, begi begani, nikiwa njiani kuondoka tena. Mara nikawa na miaka tisa, nyumbani kwetu Daa, asubuhi ya ukungu mweupe kama maziwa.

Tulikuwa na paka jike wa kijivu. Tulimwita Karani kwa jinsi alivyokaa, mikono mbele, akitutazama kama watu waliochelewa kuleta fomu. Kazi yake ilikuwa darini, kulinda mahindi na maharage ya ngwara. Kisha ng'ombe akamkanyaga mguu wa nyuma, na darini pakawa mbali naye kama mawinguni. Panya wakawa wanakimbizana juu ya vichwa vyetu mchana kweupe.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," baba alisema. "Huyu nimpe nini? Jumamosi ikifika hajashika panya, namtia kwenye gunia nikamwache mbali huko."

Sikulia. Niliburuta gogo la mkaratusi, nikalisimamisha chini ya tundu la dari. Nikalizungushia kamba mpya ya ndama, katani iliyonichubua viganja, nikapigilia vibao vitatu vya kupumzikia. Kaka yangu akaja kuegemea mlango.

"Fundi, loji yako watalii wanaingia lini?"

"Wewe hupati chumba," nikamjibu.

Karani alijikokota hadi kibao cha kwanza, akalala. Jua la dirishani lilimjia, likampita, vumbi la mahindi likielea juu yake taratibu, nami nimekaa sakafuni nikimwomba kimoyomoyo apande. Ijumaa jioni alikuwa palepale, akikoroma.

Jumamosi tulikuta panya wawili wamekufa chini ya mti wake wa gogo, kila mmoja ana mstari mwembamba shingoni, kama amefungwa uzi. Nilidhani ndivyo Karani anavyong'ata, kwa unadhifu. Baba aliwageuza kwa kidole cha mguu, kisha akamtazama mama aliyekuwa akikoroga uji. Mama hakugeuka.

"Basi," baba akasema, akalirudisha gunia msumarini.

Karani aliishi nasi miaka mingi, kwenye kibao cha kwanza.

Nimehamahama sana tangu hapo. Mwaka mmoja nilipanga chumba Digodigo, nikasumbuliwa na panya, nikatega mtego wa waya kwa mara ya kwanza maishani. Asubuhi nilimkuta panya ana mstari ule ule shingoni. Nilikaa kitandani, mtego mkononi, nikimwona mama na mwiko wake, mgongo ametugeuzia. Na baba, aliyetega panya tangu utoto wake, hakuhitaji kuangalia mara mbili.

Pale dukani nilinunua mita tano za kamba. Sina paka, wala nyumba ya kumweka. Imo tu begini, kati ya nguo, na kila nikifungua inanukia kama kwetu.